Tumbo la Swahaba Imran, na Tumbo Langu

  

Swahaba Imran bin Huswain (R.A.) hatajwi sana katika darsa zetu. Alikuwa mtu wa kabila la Khuzaa, akasilimu mwaka wa Khaibar, yaani mwaka wa 7 Hijria, na katika ukhalifa wa Umar (R.A.) akatumwa Basra kuwafundisha watu dini yao. Huko ndiko alikofia, mwaka wa 52 Hijria. Al-Hasan al-Basri, ambaye hakuwa mtu wa kusifia ovyo, alikuwa akiapa kwamba hajawafikia watu wa Basra mtu aliye bora kwao kuliko Imran. Na mwalimu huyu alikuwa mgonjwa wa tumbo. Ibn Saad na wengine walioandika habari za maswahaba wanaeleza kwamba maradhi ya tumbo yalikaa naye miaka 30. Yeye mwenyewe, katika Sahihi ya Bukhari, anasimulia kwamba alikuwa na bawasiri, akamwuliza Mtume (S.A.W.) aswali vipi, akaelekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu.

Hadithi hiyo wote tumeihifadhi katika mlango wa swala ya mgonjwa. Hukumu tunaikumbuka, mwulizaji tunamsahau. Alikuwa mtu mwenye maumivu mahali ambapo watu wanaona haya kupataja, akaenda mbele ya Mtume (S.A.W.) akapataja, na kwa swali lake wagonjwa wote mpaka Kiyama wamepata wepesi.

Mimi nina maradhi ya Crohn. Nimeamua kuyataja kwa jina katika gazeti letu kwa sababu mbili. Ya kwanza, tangu muhula uliopita wamenijia watu watatu faraghani, wawili wao siwafahamu kabisa, wakiniuliza kama ni kweli ninaumwa "kitu cha tumbo", halafu wakanieleza dalili zao kwa sauti ya chini. Ya pili, nimechoka kuelezwa na watu wengine ninaumwa nini. Sisemi kwamba Imran alikuwa na Crohn. Hakuna awezaye kupima tumbo la mtu aliyefariki zaidi ya miaka 1300 iliyopita. Ninachosema ni kwamba mwenye tumbo bovu ana ndugu mkubwa miongoni mwa maswahaba, naye hakuwa mtu wa pembeni.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Jina ni la daktari, Burrill Crohn, aliyeueleza mwaka 1932 pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer katika hospitali ya Mount Sinai, New York. Kabla yao, mwaka 1913, daktari wa upasuaji wa Uskoti, Thomas Kennedy Dalziel, alikuwa ameshaandika kuhusu wagonjwa wa namna hiyo. Jina la Crohn ndilo lililobaki, na inasaidia kujua kwamba majina ya wale watatu yalipangwa kwa mfuatano wa alfabeti. (Kama angeitwa Zuberi, leo ningekuwa na ugonjwa wa Ginzburg.)

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaugeukia utumbo kama vile ni adui. Utumbo unavimba, unapata vidonda, na vidonda hivyo havibaki juu juu: vinaweza kupenya ukuta wote wa utumbo. Unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ingawa mara nyingi hushika mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapoungana na utumbo mpana. Tena unaruka: kipande kibovu, kipande kizima, kipande kibovu. Mgonjwa anapata maumivu ya tumbo, anaharisha wiki kwa wiki, pengine kwa damu, anakonda, anapungukiwa damu, anachoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Wengine huumwa viungo, macho, au vidonda vya mdomoni. Ukiachwa, utumbo unaweza kusinyaa mpaka chakula kisipite, au kutoboka na kufanya majipu na fistula.

Sababu yake haijajulikana yote. Kuna sehemu ya urithi. Mwaka 2001 watafiti waligundua jeni inayoitwa NOD2 ambayo mabadiliko yake yanaongeza uwezekano wa kuupata. Kuna habari za bakteria wanaoishi tumboni, kuna mazingira, na sigara inauzidisha, jambo ambalo kaka zangu mnaojificha nyuma ya madarasa mlisome mara mbili. Hauambukizi. Kula nami sahani moja hakukupi Crohn, wala kuswali pembeni yangu. Mara nyingi huanza kati ya miaka 15 na 35, yaani umri wetu sisi tulio hapa. Hauna dawa ya kuuondoa moja kwa moja, ila zipo dawa za kuulaza. Unalala miezi, pengine miaka, kisha unaamka. Neno hilo la kulala na kuamka mlishike, kwa sababu hukumu nyingi zitakazokuja zinalitegemea.

Sasa, kwetu Bujumbura mtu akiumwa tumbo jina la kwanza ni amiba, la pili ni inzoka, la tatu ni uburozi. Mimi nilipitia yote kwa zamu. Ndani ya mwaka mmoja nilimeza dawa za amiba mara 5 na za minyoo sijui mara ngapi. Siwalaumu walionipa, maana amiba zipo kweli, minyoo ipo kweli, na maji ya mitaani tunayajua. Kuna na jambo jingine ambalo nilielezwa baadaye nikalielewa: kifua kikuu hakikai kifuani tu, kinaweza kuingia utumboni, na hata daktari akiingiza kamera huko ndani vidonda vyake vinafanana sana na vya Crohn. Dawa za kuilegeza kinga ya mwili, ambazo ndizo zinazomsaidia mgonjwa wa Crohn, zikipewa mwenye kifua kikuu zinaweza kumwangamiza. Kwa hiyo daktari anayekuchelewesha akitafuta kifua kikuu kwanza, mwombee dua. Mimi nilipanda basi na mama hadi Dar es Salaam kwa mama mdogo, nikapimwa kwa kamera, vipande vidogo vya utumbo vikapelekwa maabara, na baada ya hapo ndipo nikapewa jina la ninachoumwa.

Kwa wale watatu walionijia, na wengine ambao hawajanijia: kuharisha kunakozidi wiki 4, damu katika choo, kuamshwa usingizini na tumbo, kukonda bila kukusudia, homa za kurudirudi, jipu au kidonda kisichopona karibu na njia ya haja kubwa. Ukiwa na haya, usinunue vidonge dirishani mwa duka la dawa. Nenda hospitali, useme yote, na useme hasa lile unaloona haya kulisema. Na zile dawa za maumivu za diclofenac na ibuprofen, ambazo wanafunzi tunazimeza kama pipi, zinaweza kuuamsha ugonjwa huu. Mwambie daktari kama unazitumia.

Niseme kidogo kuhusu uburozi, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa wa mtu mmoja unapokuwa ugonjwa wa ukoo.

Nilianza kukonda baada ya harusi moja huko Buyenzi. Shangazi yangu ndiye aliyesimamia jikoni. Kutoka kilo 58 nilishuka mpaka 43, na kila aliyeniona aliuliza swali moja: alikula wapi mara ya mwisho? Jibu lilikuwa harusini. Jirani akamwambia mama, mama hakumjibu kitu, lakini hakukanyaga tena kwa shangazi. Miezi 7. Watu wawili waliolea watoto pamoja, waliochangia mkeka mmoja wa tarawehe, wakawa wanapishana sokoni kama wageni. Hakuna aliyesema neno "sumu" mbele ya shangazi, lakini alilijua, kama watu wanavyojua. Karatasi ya maabara iliporudi, mama aliikunja akaiweka katika mkoba, akaenda kwa shangazi moja kwa moja kutoka kituo cha basi, na mizigo yake. Waliyozungumza mimi sikuwepo.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Allah (S.W.) anawaamrisha walioamini wajiepushe na dhana nyingi, na anaeleza kwamba katika dhana zipo ambazo ni dhambi. Tunaisoma aya hii tukifikiria umbea wa bwenini. Kwa hapa kwetu naiona inahusu zaidi sahani ya pilau. Mtu anayekonda miezi mfululizo anahitaji kipimo. Ukimpa mshukiwa badala ya kipimo, umewadhulumu wawili: aliyetuhumiwa bila ushahidi, na mgonjwa anayetafutiwa dawa ya kutapisha wakati utumbo wake unaendelea kuoza.

Tuje Ramadhani. Aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimemtaja mgonjwa kwa uwazi, pamoja na msafiri, kwamba ana hesabu ya siku nyingine, na kwamba Allah anawatakia waja Wake wepesi wala hawatakii uzito. Hakuna Mwislamu asiyezijua. Lakini zijue halafu kaa bwenini na ugonjwa usioonekana! Mwenye plasta mguuni haulizwi. Sisi dada zenu tuna siku zetu ambazo hakuna anayeuliza, kwa hiyo wiki ya kwanza ya kula kwangu ilipita kimya. Wiki ya pili mwenzangu mmoja alianza kuhesabu kwa vidole. Ya tatu nikaletewa nasaha: kwamba funga ni dawa, nijaribu tu, Allah hatoniangusha. Nikaletewa na hadithi isemayo kwamba kufunga kunaleta afya. Hadithi hiyo wanachuoni wameidhoofisha sanadi yake, na hata ingekuwa sahihi isingefuta aya.

Nawakumbusha kisa kilichopokewa na Abu Dawud kutoka kwa Jabir (R.A.), na kimekuja pia kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.). Wanachuoni wameizungumza ile sehemu ya mwisho inayohusu kupaka maji juu ya bandeji, ila kisa chenyewe kinapata nguvu kwa njia zake. Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe, akapasuka kichwa. Usiku akaota, akawajibika kuoga. Akawauliza wenzake kama wanamwonea ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwonei ruhusa maadamu maji anayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika: alisema kwamba wamemwua, akawaapiza, akashangaa kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui, na akabainisha kwamba tiba ya kutojua ni kuuliza.

Tazameni ni nani waliomwua. Walikuwa wenzake wa safari, watu wa swala, waliotaka ibada yake iwe kamili. Hakuna aliyemchukia. Ninapoogopa Ramadhani siiogopi njaa, nawaogopa watu wa namna hiyo, na ninawaogopa kwa sababu ninawapenda na maneno yao yananiingia.

Hukumu yenyewe, kwa ufupi, nami ni mwanafunzi tu, si mufti: mgonjwa anayetarajiwa kupona anakula kisha analipa siku zake. Asiyetarajiwa kupona anatoa fidia, na kwa madhehebu ya Imam Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata ni kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Akihofia madhara makubwa, kufunga kwenyewe kunakuwa haramu kwake. Crohn inakaa katikati ya hao wawili, kwani inalala na kuamka. Fuqahaa wa Kishafi walishamzungumzia mgonjwa wa homa ya vipindi: akipambazukiwa na homa ana ruhusa ya kuacha nia, na akiwa mzima wakati huo ananuia, homa ikimrudia na kumlazimu, anafungua. Sheikh niliyemwuliza alisoma kwanza barua ya daktari, yote, akauliza maana ya maneno mawili, ndipo akanijibu: ugonjwa ukiwa macho usifunge, ukilala muda mrefu na daktari akaridhia, lipa kidogo kidogo katika siku unazoziweza, na ikithibitika kwamba huwezi tena, toa fidia. Wapo wagonjwa wa Crohn ambao ugonjwa wao umelala na wanafunga Ramadhani yote bila shida, alhamdulillah. Wapo wengine, hasa waliokatwa utumbo na wanaotumia mfuko wa tumboni, ambao saa 13 bila maji zinawakausha chumvi na maji ya mwili kwa hatari. Asiyefunga katika hao hajapungukiwa imani, na anayefunga hajamzidi mwenzake.

Twahara ndiyo inayowatesa wengi kimyakimya. Mtu ameshika udhu, tumbo linageuka, anarudi; anashika tena, anarudi tena; maji ya bwenini yamekatika, Adhuhuri inakwenda. Bibi Fatima binti Abi Hubaishi (R.A.) alimjia Mtume (S.A.W.) kwa tatizo la damu isiyokatika, akafundishwa asiache swala. Kutokana na kisa chake na mifano yake fuqahaa walipanga hukumu ya kila mwenye hadathi isiyokoma: ajisafishe, ajihifadhi, ashike udhu baada ya wakati wa swala kuingia, aswali bila kuchelewa, na kinachomtoka baada ya hapo hakimdhuru swala yake. Angalieni sharti lake: hukumu hii ni ya yule asiyepata nafasi ya kutosha udhu na swala. Ukiwa unapata nafasi, hata ya dakika 10, basi swali katika nafasi hiyo. Mwenye mfuko wa tumboni anaingia katika mlango huohuo. Wanachuoni wa zama hizi wanamkisia kwa mwenye hadathi ya kudumu, naye anaswali na mfuko wake.

Na je, kukusanya Adhuhuri na Alasiri? Mahanbali na Wamaliki wameruhusu kwa ajili ya ugonjwa, kwa ufafanuzi wao, na Imam Nawawi, pamoja na kuwa Mshafi, ameutia nguvu mwelekeo huo kwa upande wa dalili. Muulizeni sheikh wenu, msichukue kwangu. Lililo wazi kwa wote ni kwamba Sahihi ya Muslim ina hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) inayokataza kuswali huku mtu anazuia haja. Kwa hiyo mnapomwona mwenzenu anatoka safuni katikati ya swala, mkono tumboni, mpisheni njia. Ametoka kwa Sunna.

Nimeletewa asali nyingi pia. Wallahi chupa zimejaa dirishani kwangu, na walionipa nawaombea kheri, maana asali ya Burundi ni tamu na si rahisi. Hoja yao ni hadithi ya Bukhari na Muslim ya mtu aliyelalamika kuhusu tumbo la ndugu yake, Mtume (S.A.W.) akamwagiza ampe asali, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka akapona. Hadithi ni haki. Lakini Ibnul Qayyim, alipoieleza katika maneno yake juu ya tiba ya Mtume, alisema kuharisha kwa yule mtu kulitokana na kuvimbiwa na chakula. Hakuichukua kuwa dawa ya kila kuharisha kwa kila mtu. Na aliyeagiza asali ndiye aliyewaagiza watu wajitibu, kama alivyopokea Usama bin Shariki (R.A.), akaeleza kwamba Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Nakula asali yenu, na vidonge vyangu naendelea navyo. Ninalowaomba wagonjwa wenzangu ni hili: dawa za prednisolone zisikatwe ghafla kwa sababu mtu fulani amekupa kitu kingine. Zinapunguzwa polepole kwa maelekezo ya daktari, vinginevyo mwili unaweza kuanguka vibaya. Zile za sindano, kama infliximab, ni ghali kupita uwezo wa familia nyingi, na kabla ya kuzianza lazima kupimwa kifua kikuu kilicholala. Hapo ndipo mfuko wa sadaka wa jumuiya yetu ungeweza kufikiria wagonjwa, siyo futari peke yake. Hilo nawaachia viongozi.

Kuna wageni wanaokuja kukufariji kwa hadithi ya kwamba anayekufa kwa maradhi ya tumbo ni shahidi. Ni hadithi sahihi, iko kwa Bukhari na Muslim, na nafsi yangu imeegemea juu yake usiku mwingi. Ila mama mmoja aliniletea nikiwa nimelala chali, na drip mkononi, akanisomea kwa sauti ya mtu aliyekwishashona sanda. Niliitikia amin. Lakini nilikuwa na mtihani wa usul fiqhi Jumatatu, na niliufanya.

Nilichotaka hasa kufika ni chakula. Suratun Nur, aya ya 61. Aya hii imemwondolea lawama kipofu, kiguru na mgonjwa, kisha ikaingia moja kwa moja katika habari za kula: katika nyumba zenu, za baba zenu, za mama zenu, za ndugu zenu, na zimetajwa kwa jina nyumba za shangazi. Wafasiri, Tabari na Ibn Kathir wakiwemo, wametaja kauli kadhaa kuhusu kwa nini mgonjwa ametajwa mezani. Wapo waliosema kwamba watu waliona vibaya kula na mgonjwa kwa kuchelea kumpunja, kwa sababu hawezi kula kama wao. Wapo waliosema kwamba wagonjwa wenyewe walijitenga, wakichelea kuwakirihisha wazima. Kauli zote mbili nimeziishi hapahapa kampasi. Wakati mwingine sisogezewi sinia kwa huruma, wakati mwingine mimi ndiye ninayetafuta sababu ya kubaki chumbani.

Ugonjwa ukiwa macho siwezi kula kama ninyi. Maharage, sombe, mahindi ya kuchoma, pilipili: utumbo uliosinyaa unakwama navyo. Nakula wali laini, ndizi zilizoiva, mikeke ya kuchemsha ikipatikana, uji. Mgonjwa mwingine atakuwa na orodha tofauti kabisa na yangu, kwa hiyo msimpe yangu. Ana daftari lake. Hayo yakilala, nitakula sombe nanyi mpaka mshangae. Nikila kidogo kwenu simringii mpishi, na nikiuliza choo kiko wapi kabla sijakaa siwadharau. Ni swali la kwanza ninalojiuliza kila ninapokwenda, kwenye ukumbi wa mhadhara, msikitini, na hasa kwenye foleni ya basi huko mjini tangu mafuta yawe ya shida, ambapo mtu anaweza kusimama saa 2 hajasogea.

Aya hiyohiyo inasema hapana ubaya mkila pamoja au mbalimbali, halafu inamalizia kwa kuwaamrisha wanaoingia majumbani watoleane salamu. Na Imran (R.A.), katika riwaya ya Muslim, anaeleza kwamba malaika walikuwa wakimpa salamu katika ugonjwa wake, alipochomwa moto kwa ajili ya tiba salamu zikakatika, alipoacha kuchomwa zikarudi. Miaka 30 tumbo linauma, na kilichomsikitisha mpaka akakisimulia ni salamu kukatika.

Basi Ramadhani ijayo, inshaallah, sinia zikitandikwa uani, niachieni nafasi upande wa mlangoni. Nitakuja na sahani yangu.

Wallahu aalam.